Vitabu vya Kipupwe: Ugomvi Mmoja, Vitabu Vinne

Kila ifikapo Juni, magazeti ya Ulaya na Marekani huchapisha orodha za vitabu vipya vya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi, na orodha hizo hutufikia sisi kwa simu tukiwa tumevaa masweta. Huku Moshi Juni ni kipupwe: mlima hushinda umefunikwa na mawingu, shule zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na wenzetu wanaoishi juu, Kibosho na Marangu, huingia ndani mapema na kukaa karibu na moto. Kwa hiyo ile hoja inayobeba orodha hizo, kwamba mtu aliye likizo anahitaji kitabu chepesi cha kusomea ufukweni, haituhusu hata kidogo. Msomaji wa kipupwe anaweza kuhimili kitabu kizito. Kwa maoni yangu anaweza kuhimili hata vinne kwa mpigo, ilimradi vyote vinazungumzia jambo moja, na ndivyo ninavyokusudia kushauri hapa, baada ya kwanza kuvitendea haki vitabu vilivyotoka karibuni.

Vitabu vipya havitufikii vikiwa vipya. Ukikitaka, unamwandikia muuza vitabu wa Dar es Salaam kwa WhatsApp, unalipa kwa simu, kisha unatumiwa jina la basi na saa ya kuondoka. Jioni unakwenda ofisi ya vifurushi ya stendi, kijana anapekua rundo la vipuri, maboksi ya dawa na viatu vya mitumba, mpaka anaifikia bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu, ambayo jina lako limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na aghalabu limekosewa herufi moja. Wapo wanaochoka na mzunguko huo na kusubiri nakala ya PDF irushwe kwenye kundi. Siwahukumu wanafunzi, lakini mtu mwenye mshahara anayesoma kitabu cha mchapishaji wa Kitanzania kwa njia hiyo, kisha akalalamika kwamba wachapishaji wetu hawatoi vitabu vya kutosha, anapaswa kujiuliza wachapishaji hao wanakula nini.

Katika vilivyotoka karibuni, ninachokiweka mbele ni *Slow Poison* cha Mahmood Mamdani, kilichochapishwa na Harvard University Press mwaka 2025. Wengi siku hizi wanamfahamu Mamdani kama baba wa meya wa New York, lakini kwetu yeye ni mwalimu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefika huko mwaka 1973 baada ya kufukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine kwa amri ya Idi Amin mwaka 1972. Kitabu chake kinawaweka watawala wawili mkabala, Amin na Yoweri Museveni, na kinatoa dai ambalo litawakera wasomaji wengi: kwamba ile sura ya Amin tuliyoizoea, ya katuni la kutisha na kuchekesha, inatuficha alichokuwa akijaribu kukijenga, yaani taifa la Waganda weusi lililolipiwa kwa kuwatoa wengine nje; na kwamba Museveni, aliyeingia madarakani mwaka 1986 akipokelewa kama mkombozi, ametawala kwa kuwagawa wananchi kwa makabila na wilaya hadi uraia wenyewe ukapoteza maana. Sumu ya taratibu inayotajwa katika jina la kitabu ni hiyo ya pili.

Msomaji wa Moshi ana sababu ya pekee ya kukisoma. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakati majeshi yetu yakiwa tayari ndani ya Uganda, zaidi ya vikundi 20 vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana katika mji huu na kuunda umoja uliojulikana kwa kifupi kama UNLF, wakamchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin na aliyekuwa akiishi Tanzania, hakuwamo. Museveni akapewa nafasi katika tume ya kijeshi ya umoja huo. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, Lule akaapishwa kuwa rais, na kabla ya Juni kwisha alikuwa ameshaondolewa. Kwa maneno mengine, mengi ya yale ambayo Mamdani anayaeleza kuhusu Uganda baada ya Amin yalianza kusukwa hapa, katika mji ambao leo mtalii huelekezwa njia ya kupanda mlima na hakuna anayemtajia mkutano huo. Nilipokuwa nikikisoma niliona kwamba mwandishi ana nguvu zaidi anaposimulia aliyoyapitia mwenyewe kuliko anapojenga nadharia, na kwamba huruma yake katika kumpima Amin ingemshangaza mtu wa Kagera ambaye kijiji chake kilichomwa mwishoni mwa mwaka 1978. Hata hivyo, kitabu kinachokulazimisha kubishana nacho ukiwa peke yako chumbani kimeshafanya kazi yake.

Vingine nitavipitia kwa haraka. *An African History of Africa* cha Zeinab Badawi, mwanahabari mzaliwa wa Sudan, kilitoka mwaka 2024 na kinafaa kwa kijana wa kidato cha tano aliyechoshwa na historia inayoanza na wamisionari. Kinaanza na chimbuko la binadamu, jambo ambalo sisi majirani wa Olduvai tunadhani tunalijua kuliko tunavyolijua kweli. Ni kipana mno, na kwa sababu hiyo kina mahali pembamba. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025, mwezi uleule ambao mkusanyo wake wa insha, *Decolonizing Language and Other Revolutionary Ideas*, ulikuwa unaingia sokoni. Aliyesoma maandishi yake ya awali kuhusu lugha ataikuta hoja ileile imeshikiliwa kwa uthabiti uleule, na sidhani kama mtu wa umri wake alihitaji kuomba radhi kwa kutobadili mawazo.

Sasa nifike kwenye vile vinne. Tangu mwaka 2009 hadi 2021 Tanzania ilipata vitabu vya maisha ya viongozi kwa wingi ambao hatukuuzoea, na vinne kati ya hivyo vinakutana katika tukio moja: mgogoro kati ya serikali yetu na Shirika la Fedha la Kimataifa uliopamba moto mwaka 1979 na kumalizika, kama kweli umemalizika, mwaka 1986. Cha kwanza ni *From Goatherd to Governor* cha Edwin Mtei, cha mwaka 2009. Cha pili ni *My Life, My Purpose* cha Benjamin Mkapa, kilichozinduliwa Novemba 2019, miezi michache kabla ya kifo chake. Cha tatu ni wasifu wa Mwalimu Nyerere wenye juzuu tatu, *Development as Rebellion*, ulioandikwa na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji na kutolewa mwaka 2020. Cha nne ni *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* cha Ali Hassan Mwinyi, kilichozinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Ukisoma kimoja peke yake, unatoka ukiwa umeshawishiwa. Ukivisoma vyote kwa pamoja, ndipo unapoanza kuona mambo yalivyokuwa.

Tukio lenyewe lina mizizi hata kwenye mashamba yetu. Julai 1975 baridi kali ya sakitu iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kiwango ambacho wazee wa Kilimanjaro bado wanakisimulia. Nchi ikapata fedha za kigeni. Lakini mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na miongoni mwavyo kilikuwamo KNCU, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, Namanga na Holili zikanyamaza hadi mwaka 1983. Halafu bei ya kahawa ikashuka, vita vya Kagera vikaja, mafuta yakapanda bei, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Huo ndio wakati ambao Edwin Mtei alikuwa Waziri wa Fedha.

Mtei ni mtu wa Marangu, aliyechunga mbuzi kabla ya kuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966. Kati ya 1974 na 1977 alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya hapa jirani Arusha, na aliishuhudia ikifia mikononi mwake, kwa hiyo alipoingia Hazina alikuwa tayari ameshaona taasisi kubwa ikianguka kwa sababu wakubwa hawakuelewana. Anasimulia jinsi Mwalimu alivyokasirishwa na masharti ya ujumbe wa Shirika la Fedha, hasa lile la kushusha thamani ya shilingi, na jinsi yeye mwenyewe alivyoamua kujiuzulu. Lugha yake ni ya mtu wa benki: haipambi, haililii, na mara nyingine inakauka kupita kiasi. Lakini ndiyo faida yake. Anapokueleza kwamba waziri hawezi kuitetea sera asiyoiamini, unamsadiki, kwa sababu hajatumia kurasa 20 kukuandaa umsadiki. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti mwasisi wa Chadema mwaka 1992, na ukisoma sura za mwaka 1979 unaelewa kwamba hakuanza upinzani siku chama kilipoandikishwa.

Baada ya hapo fungua juzuu ya tatu ya wasifu wa Mwalimu, ile iliyoandikwa na Shivji, inayoitwa *Rebellion without Rebels*. Mambo ni yaleyale, upande umebadilika. Nyerere aliyekuwa katika kitabu cha Mtei mzee mwenye hasira asiyetaka kusikia hesabu, hapa ni kiongozi wa nchi maskini anayeambiwa na watu asiowachagua namna ya kuendesha nyumba yake, na ambaye katika hotuba yake kwa mabalozi ya Mwaka Mpya wa 1980 alihoji tangu lini shirika hilo limekuwa Wizara ya Fedha ya kimataifa. Shivji hamfanyi malaika. Hoja inayobebwa na jina la juzuu ni kali: kiongozi aliasi mpangilio wa dunia, lakini hakuwa amejenga umma wenye vyombo vyake wenyewe wa kuasi pamoja naye. Na hapo mtu wa Kilimanjaro anakumbuka ule mwaka wa 1976, maana chombo ambacho wakulima walikuwa wamekijenga wenyewe kwa zaidi ya miaka 40 kilifutwa na serikali ileile iliyokuja kuhitaji wakulima wasimame nyuma yake.

Mkapa alikuwa ndani ya baraza hilohilo la mawaziri mwaka 1979, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, na kabla ya hapo alikuwa mhariri wa magazeti. Uhariri huo unaonekana: kitabu chake kinasomeka kwa urahisi kuliko vingine, sentensi fupi, mzaha wa hapa na pale. Nimekiweka katika kundi hili hasa kwa sababu ya kile kinachofuata, yaani utawala wake wa 1995 hadi 2005, alipobinafsisha mashirika ya umma ambayo yeye mwenyewe, akiwa mhariri, alikuwa ameyatetea. Anajieleza, na maelezo yake yanaridhisha zaidi kuhusu benki na viwanda kuliko kuhusu mauaji ya Pemba ya Januari 2001, ingawa ni kwa heshima kubwa kwamba aliyataja kama doa kwa utawala wake, jambo ambalo viongozi wengi hulizika pamoja nao.

Kitabu cha Mwinyi ndicho ningependa kila mtu aanze nacho, na sababu ya kwanza ni kwamba kimeandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyekulia Unguja na kukitumia maisha yake yote kufundisha, kubembeleza na kukwepa. Vile vingine vitatu ni vya Kiingereza. Hili si jambo dogo: mkulima aliyekatwa bei ya kahawa na fundi aliyenunua sabuni kwa magendo ndio waliolipa gharama za mgogoro ule, na katika vitabu vinne vinavyouzungumzia wanaweza kusoma kimoja tu. Tuzo tunayojivunia, ile inayobeba jina la Mwalimu Nyerere, ni ya uandishi bunifu, kama jina lake linavyosema. Ni vizuri sana kwa waandishi wa riwaya na mashairi. Lakini mstaafu wa ushirika, wa reli au wa posta mwenye kumbukumbu zake kwenye madaftari hana mlango wa namna hiyo wa kugonga.

Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 maduka yalikuwa matupu. Mwaka uliofuata serikali yake, Cleopa Msuya mwenyeji wa Mwanga akiwa Waziri wa Fedha, ilikubaliana na Shirika la Fedha, na shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola moja. Jambo ambalo Mtei aliacha kazi kwa ajili yake lilifanyika miaka saba baadaye, na Mwalimu akiwa bado Mwenyekiti wa Chama. Namna ya kumzunguka mzee bila kumvunjia heshima ni sanaa, na Mwinyi aliimudu. Hata anapoandika unamwona akipita kando, akimsifu Mwalimu huku akieleza kwa nini ilibidi atende kinyume chake. Kuna msomaji atakayeiita hiyo woga. Mimi nadhani mtu aliyejiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, ilhali yeye hakuwagusa, hahitaji kufundishwa ujasiri. Sehemu hiyo ya kujiuzulu kwake ningependa isomwe na kila anayeapishwa katika nchi hii.

Kuna namna ya kuvisoma vitabu hivi kwa pamoja bila kuchanganyikiwa. Usimalize kimoja ndipo ufungue kingine. Chukua daftari, andika mwaka juu ya ukurasa, 1976, 1977, 1979, 1986, kisha chini yake andika kila mwandishi anasema nini na, muhimu zaidi, nani amenyamaza. Kazi hii ingekuwa nyepesi kama wachapishaji wetu wangekuwa na desturi ya kuweka faharasa nzuri mwishoni. Vitabu vingi vya maisha vinavyochapishwa hapa nchini vina kurasa nyingi za picha za kukabidhiana zawadi, na msomaji anayetafuta ni wapi KNCU imetajwa anabaki kupekua kwa kidole. Ukimya, hata hivyo, unaupata. Katika masimulizi ya wakubwa kuhusu miaka ile, kahawa ni takwimu. Ni nadra kumwona mtu akiivuna.

Ndiyo maana upande mmoja wa meza yangu kuna kitabu cha zamani ambacho si cha wakubwa. *The Meru Land Case* kilitoka mwaka 1967, kimeandikwa na Kirilo Japhet kwa kushirikiana na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapa Moshi. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo akatumwa na watu wake kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Kitabu kimejaa barua, maazimio na mashauri, na kwa msomaji asiye na subira kitaonekana kikavu. Lakini kinaonyesha jambo lilivyofanyika, nani alichangisha fedha, nani aliandika ombi, nani alitafsiri, na hilo ndilo tunalolikosa katika tawasifu nyingi. Kitolewe upya, tena kwa Kiswahili, na kiuzwe Usa River na Arusha mjini kwa bei ya daftari kubwa; watakaokinunua wapo.

Nimeulizwa pia kuhusu kitabu cha Reginald Mengi, *I Can, I Must, I Will*, cha mwaka 2018, kwa sababu yeye ni mtoto wa Machame na kiwanda chake cha vinywaji, Bonite, kiko hapa mjini. Sehemu ya kuunganisha kalamu nyumbani kwake, kwa vipande vilivyonunuliwa nje wakati nchi haina kalamu, inafaa kusomwa pamoja na vile vinne, maana ni historia ya uhaba uleule ikitazamwa na mtu aliyeona ndani yake biashara. Sura za nasaha za mafanikio unaweza kuziruka bila hasara.

Kuhusu utaratibu, mzee mmoja mstaafu wa ushirika ambaye hubadilishana nami vitabu anashikilia kwamba wasifu wa Mwalimu lazima usomwe kuanzia juzuu ya kwanza, kwa kuwa huwezi kuelewa hasira ya mtu wa miaka 57 bila kujua utoto wake Butiama. Ana hoja. Lakini juzuu ya kwanza na ya pili zitamchukua msomaji wa kawaida mpaka shule zifunguliwe, na ugomvi wa 1979 utabaki umewekwa akiba. Mimi naanza na juzuu ya tatu, Mtei akiwa wazi pembeni na Mwinyi karibu, na mzee ana Julai nzima ya kunishawishi vinginevyo.